Shajara ya mradi: chumba cha kusomea cha watoto Kasese, na hesabu ya mifuko ya saruji

8 Januari 2024: Kiwanja na kusudi

Kikundi cha wazazi kilicho nje kidogo ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa barabara iendayo Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, kimeamua kujenga chumba cha kusomea cha watoto chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, pamoja na baraza. Nimekabidhiwa usimamizi wa ujenzi na uandishi wa shajara hii, ili kikundi kingine kitakachotaka kuiga kijue ni nini kilijaribiwa, ni nini kilishindikana na fedha zilikwenda wapi. Baadhi ya mafundi wetu wanatoka Bwera, wengine ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sote kazini.

Tumekubaliana kupima kazi yote kwa mifuko ya saruji. Kila kilo ya klinka, yaani vijiwe vilivyochomwa ambavyo husagwa kuwa saruji, inayotoka tanuruni huambatana na takriban kilo 0.8 hadi 0.9 za hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo haitokani na moto bali na jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto; hivyo hata kiwanda kikibadilisha fueli, sehemu kubwa ya madhara hubaki palepale. Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 inayouzwa madukani kwetu huwa imechanganywa na majivu ya volkano, jambo linalopunguza klinka, lakini haliiondoi. Makadirio ya fundi kwa jengo hili, likijengwa kwa desturi ya hapa, yalikuwa mifuko 130. Kanuni yetu ni kwamba saruji iwekwe pale tu inapofanya kazi isiyoweza kufanywa na kitu kingine.

Matofali ya kuchoma tumeyaacha kwa sababu ya kuni; badala yake tutafyatua matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa. Uganda ilikuwa na misitu kwenye takriban asilimia 24 ya ardhi yake mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki asilimia 9 hivi. Matanuru si chanzo pekee, wala si kikubwa kuliko mashamba na mkaa, lakini kila anayesafiri katika wilaya hii huona magogo ya mikaratusi yakisubiri kando ya matanuru hayo, nasi hatukutaka kuongeza rundo lingine.

Mjadala mrefu ulihusu mwelekeo wa jengo. Wengi walitaka ubavu mrefu utazame barabara, yaani magharibi. Ikweta inapita kusini kidogo ya mji wetu, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa utosini, Juni likielemea kaskazini na Desemba kusini, na upenu wa sentimita 90 unatosha kulizuia pande zote mbili. Jua lisilozuilika kwa upenu ni la asubuhi na la alasiri, kwa kuwa linaingia likiwa chini. Hatimaye jengo limelazwa mashariki hadi magharibi, kuta fupi zikielekezwa kwenye jua hilo bila dirisha hata moja, na mlango umewekwa kwenye kona ili anayetoka barabarani auone.

29 Januari: Udongo

Mzee mmoja wa kikundi aliniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, tumehangaika miaka yote kutoka kwenye nyumba za udongo, nawe unaturudisha humo?" Swali lake lilikuwa la haki, na lilistahili jibu la vitendo. Nilimweleza habari za hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021, iliyosanifiwa na ofisi ya msanifu majengo Renzo Piano kwa ajili ya Emergency, shirika la misaada ya tiba, ambayo kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa palepale kiwanjani. Kisha tukaenda naye shimoni kupima udongo wetu.

Udongo wa juu, wenye mizizi na mboji, uliondolewa na kuwekwa kando kwa ajili ya bustani. Haufai kabisa kwa matofali. Wa chini yake, mwekundu, ulijazwa kwenye kasha la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, ukiwa umelowa, ukaachwa kivulini hadi ukauke. Ulisinyaa milimita 48 na kukatika vipande vitatu. Hiyo ni dalili ya mfinyanzi mwingi mno, na kwa udongo wa namna hiyo ingehitajika sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 12 za udongo. Badala ya kuongeza saruji tuliongeza mchanga, sehemu 1 kwa sehemu 2 za udongo, na mchanganyiko mpya ukasinyaa milimita 22 tu. Kwa kipimo hicho sehemu 1 kwa 16 inatosha. Anayeiga asiruke hatua hii, kwa kuwa kasha hilo la mbao, lililotugharimu shilingi 10,000, limepunguza saruji ya matofali kwa robo kabla hata mashine haijafika.

19 Februari: Kufyatua matofali

Mashine tumeikodi. Ni ya kusukumwa kwa mkono, ya ukoo wa ile aliyoibuni mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950, isipokuwa yetu hutoa tofali lenye meno na vijishimo, ili moja likae juu ya jingine bila mota katikati. Vipimo ni milimita 265 kwa 140 kwa 100, na tofali moja lina uzito wa kilo 7 hivi.

Kazi ya siku za kwanza haikuwa nzuri. Mafundi walichanganya rundo kubwa asubuhi ili wapate kufyatua mchana kutwa bila kusimama. Tofali la saa tatu na tofali la saa nane yalifanana kabisa kwa macho. Yalipokauka tulichukua msumari tukakwaruza kona: kwenye la saa tatu msumari uliacha mstari mwembamba mweupe, kwenye la saa nane kona nzima ilimomonyoka na kuwa vumbi mkononi. Saruji ilikuwa imeanza kukamata ndani ya rundo kabla ya kushindiliwa, na kuishindilia baada ya hapo ni kuvunja kilichokwisha kushikana. Tangu hapo unachanganywa udongo wa toroli moja tu, unaoweza kwisha ndani ya nusu saa, na rundo la udongo mkavu ndilo linalosubiri, si lililotiwa saruji.

Kosa la pili lilikuwa la kukausha. Matofali yalifunikwa kwa nyasi, upepo wa mchana ukazipeperusha, na yaliyokuwa pembeni yakapasuka nyufa nyembamba. Saruji ya 32.5 hukomaa polepole na inahitaji unyevu. Sasa kila safu hufunikwa kwa nailoni, hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha hupangwa kivulini hadi zitimie siku 28.

Unyevu wa mchanganyiko tunaupima kwa mkono: finyanga donge, liachie lianguke kutoka usawa wa bega hadi ardhi ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, mchanganyiko uko sawa; likitandazika, maji yamezidi; likisambaratika, hayatoshi.

Gharama ya tofali moja imefikia shilingi 710: saruji 350 (mfuko wa 35,000 hutoa matofali 100), ujira 230, mchanga 60 na kodi ya mashine 70. Tofali la kuchoma linaletwa hapa kwa shilingi 300. Ninaandika tofauti hii waziwazi kwa sababu wengi husikia kwamba tofali la udongo ni rahisi, wakifika sokoni wakajiona wamedanganywa. Akiba haiko kwenye tofali bali kwenye ukuta: hakuna mota kati ya safu, na hakuna haja ya lipu ndani na nje.

11 Machi: Jaribio la chokaa, na msingi

Chokaa hupikwa Muhokya, karibu nasi, na wazo la kuacha saruji kabisa lilitupendeza sote. Tulifyatua matofali kadhaa kwa chokaa, sehemu 1 kwa 10 za udongo, tukayatunza sawa na mengine. Baada ya siku 28 yalitumbukizwa majini usiku kucha. Asubuhi kona zilikuwa zimeyeyuka na maji yamekuwa mekundu. Chokaa hushikana na mfinyanzi kwa mwendo wa miezi, na mvua za Machi hazisubiri. Isitoshe, chokaa ya hapa huchomwa kwa kuni, na ingawa hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa inapokomaa, moshi wa tanuru haurudi. Matofali yaliyosalia tumeyahifadhi kivulini ili tuone mwisho wake.

Msingi umejengwa kwa mawe badala ya zege. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ulishusha kutoka milima ya Rwenzori mawe makubwa ambayo watu huyapasua na kuyauza. Tumeyajenga kwa mota ya sehemu 1 ya saruji, 2 za chokaa na 9 za mchanga, hadi sentimita 40 juu ya ardhi. Hapa chokaa imefanya kazi vizuri, maana haikimbizwi na mtu. Saruji iliyotumika: mifuko 15, pale ambapo msingi wa zege na matofali ungemeza takriban 40.

22 Aprili: Kuta na mvua

Kuta zilipanda haraka baada ya safu ya kwanza. Safu hiyo ndiyo pekee inayolazwa kwenye mota, na ilitumia muda mwingi kuliko zote zilizoifuata, kwa sababu kasoro ya milimita 3 chini hukua kadiri meno yanavyopandana. Fundi mkuu alikagua kila tofali kwa pima maji na kamba, na kwenye pembe kwa timazi.

Mvua kubwa ilitukuta kuta zikiwa zimefika juu ya madirisha, bila paa. Turubai lilifungwa kwa kamba kwenye vigingi, upepo ukalikamata upande wa mashariki ukalipasua, na mvua ya usiku mmoja ikatafuna safu mbili za juu. Maji yalikuwa yameingia kupitia vijishimo na kukaa ndani ya ukuta, na jua lilipotoka nyuso za ndani zikaonyesha alama ya unyevu hadi usawa wa kiuno. Safu mbili ziliondolewa, ukuta ukaachwa ukauke, na kila jioni tangu siku hiyo safu ya juu hulazwa mabati ya zamani yakiwa yamekandamizwa kwa mawe. Hasara: matofali 110 na ujira wake, karibu shilingi 120,000. Anayeweza apange kazi ili paa liwe juu kabla ya Machi au kabla ya Agosti. Sisi tulicheleweshwa na kibali cha ujenzi, ambacho Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inakitaka na ambacho hakuna sababu ya kukikwepa.

17 Juni: Mikanda ya zege na paa

Kuna mahali ambapo saruji haipunguzwi. Kasese imo katika bonde la ufa, na wazee hapa wanakumbuka tetemeko la Toro la Machi 1966 na lile la Februari 1994 lililobomoa nyumba upande wa Kabarole. Ukuta wa matofali yanayopandana bila mota ni mzuri kwa kubeba uzito, lakini ukitikiswa ubavuni unahitaji kufungwa. Tumeweka mkanda wa zege juu ya msingi na mwingine juu ya kuta, kila mmoja ukiwa na nondo nne za milimita 10, na nondo za kusimama zimepita ndani ya vijishimo vya pembe na kando ya milango. Saruji mifuko 11, nondo za mikanda shilingi 728,000.

Kijana mmoja alipendekeza mianzi badala ya nondo, kwa kuwa inaota yenyewe na haihitaji kiwanda. Nilikataa bila kusita: mwanzi ndani ya zege hunyonya maji ukavimba, kisha husinyaa na kuachana na zege, na baada ya miaka huoza mahali pasipoonekana. Mianzi iliyotibiwa kwa boraksi (chumvi ya kuzuia wadudu) tumeitumia kwenye kuta za baraza, ambako inaonekana, inapigwa na hewa na inabadilishika.

Paa la nyasi lilifikiriwa na kuachwa, kwa sababu ya moto na kwa sababu tunayataka maji ya mvua. Mabati ya geji 28, karatasi 50 kwa shilingi 62,000, yamegharimu 3,100,000, kiasi kinachozidi matofali yote ya kuta yaliyogharimu 2,556,000. Kenchi ni za mikaratusi kutoka shamba la mwanachama, iliyokatwa na kupandwa upya. Kati ya ukuta na paa tumeacha matundu ya hewa mfululizo; usiku wa tatu popo walikuwa wamekwisha kuyapata, na waya wa wavu ukapigiliwa kwa haraka.

5 Agosti: Sakafu, dari na joto

Sakafu ya udongo ulioshindiliwa ilijaribiwa kwenye pembe moja. Ilipendeza ilipokauka, lakini viti vya watoto viliichimba, vumbi likaanza, na penye vumbi hapa kina mama huogopa funza, kwa haki. Badala yake matofali yaliyokatika kona yamelazwa juu ya moramu (changarawe nyekundu) iliyoshindiliwa, kisha yakafunikwa kwa tabaka la saruji la sentimita 2.5. Mifuko 11. Kwa desturi ingekuwa mifuko 33, yaani zege la chini na tabaka la juu. Katika jengo hili zima hakuna mahali palipopotezewa saruji katika makadirio ya kwanza kama sakafuni, na hakuna aliyekuwa amepafikiria, macho ya wote yakiwa kwenye kuta.

Kabla ya dari tulitundika vipimajoto viwili, kimoja ndani na kingine kivulini barazani. Saa tisa alasiri nje kulikuwa na nyuzi 32, ndani 36. Kuta zilikuwa baridi ukizigusa. Joto lote lilitoka juu, mabati yakiliangushia vichwani. Mvua iliponyesha mwalimu alisimama hatua mbili kutoka kwa mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti, akawa anaona midomo tu ikicheza.

Dari imetengenezwa kwa mikeka ya mafunjo, tabaka mbili, iliyofungwa kwenye fito sentimita 40 chini ya kenchi, na hewa ya moto iliyo juu yake inatoka kwa matundu ya pande zote mbili. Gharama shilingi 320,000. Siku yenye nyuzi 32 nje, saa ileile, ndani kulikuwa na 29. Mvua sasa inasikika, lakini haizimi sauti ya msomaji. Nyaya za taa za sola zimepitishwa ukutani ndani ya bomba, na hakuna waya wowote juu ya mikeka, kwa kuwa mafunjo makavu hushika moto upesi.

2 Desemba: Maji yanayorukia ukuta, na shimo

Mvua za Septemba hadi Novemba zimeonyesha dosari ambayo michoro haikuionyesha. Maji ya upenuni yalikuwa yakidondoka mahali pamoja, yakichimba ardhi na kurusha matope hadi safu ya tatu ya matofali, juu kabisa ya mawe ya msingi. Upande wa kusini nyuso za matofali zilianza kukwaruzika. Tumechimba mfereji wa upana wa sentimita 40 chini ya mstari wa matone, tukaujaza kokoto ili tone lipoteze nguvu, na safu tatu za chini zimepakwa lipu ya chokaa yenye saruji kidogo, jumla mifuko 3. Kando ya mfereji tumepanda nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huenda chini sana bila kutanuka, na huzuia udongo usichukuliwe.

Shimo lililotoa udongo limekuwa na sura ya kutisha kwa mama mwenye watoto wadogo, na maji yakituama huzaa mbu. Limejazwa mawe chini, kisha mabaki ya mimea na samadi, kisha ule udongo wa juu uliohifadhiwa tangu Januari, na sasa linapokea maji ya kunawia mikono. Limepandwa migomba na mipapai. Upande wa magharibi, mita 6 kutoka ukutani, imepandwa miembe itakayolikinga jengo na jua la alasiri.

Matofali ya chokaa nayo yameleta habari njema. Yaliyowekwa kivulini tangu Machi yametumbukizwa tena majini usiku kucha, na kona zimebaki kama zilivyo. Kikundi chenye muda wa kufyatua nusu mwaka kabla ya kujenga kinaweza kuyafikiria kwa kuta za ndani. Sisi tumeyajengea kiti kirefu cha barazani.

10 Februari 2025: Hesabu ya saruji, na tangi

Mifuko iliyotumika ni hii: matofali 36, msingi 15, mikanda 11, sakafu 11, safu ya kwanza pamoja na kujaza vijishimo vyenye nondo 4, lipu ya chini 3. Jumla 80, dhidi ya makadirio ya 130. Mifuko 50 iliyookolewa ni tani 2.5 za saruji na shilingi 1,750,000, na sehemu kubwa yake imetoka kwenye sakafu, msingi na lipu isiyopakwa. Nyufa tumezikagua kila pembe: kuna moja, nyembamba, chini ya dirisha la kaskazini, na haijaongezeka tangu Oktoba.

Tangi la maji linahesabiwa peke yake. Paa lina mita za mraba 110, na mvua ya milimita 30 inaweza kuleta karibu lita 3,300. Limejengwa kwa matofali yenye mzingo, aina iliyoendelezwa na Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere kwa ajili ya matangi kama haya, nalo linabeba lita 10,000. Lilipojazwa mara ya kwanza lilivuja pale ukuta unapokutana na sakafu, ingawa lipu ya ndani ilikuwa nzima. Pembe ile kali imepigwa msasa, ikawekewa wavu wa kuku na kuviringwa kwa mota ya sehemu 1 kwa 2 ili kusiwe na kona, na sasa maji hayashuki. Saruji ya tangi ni mifuko 16. Kabla ya mvua za Machi yamebaki kufungwa mfereji wa paa upande wa kaskazini na chujio la maji ya kwanza, yanayobeba vumbi na vinyesi vya ndege, ambalo fundi bomba ameahidi kulileta wiki ijayo.